Umbea, Ushahidi na Haki katika The Murder at the Vicarage

Hadithi za upelelezi zimezoea kutiwa katika fungu la maandishi ya kupitishia wakati, na zile za vijijini, ambamo mpelelezi si askari bali ni jirani tu, hudharauliwa zaidi. Hukumu hiyo yafaa kupimwa kwa kuichunguza kazi moja iliyo mfano halisi wa aina hiyo, nayo ni The Murder at the Vicarage ya Agatha Christie, iliyochapishwa mwaka 1930. Hii ndiyo riwaya ya kwanza ya Bi. Marple, bikizee aliyekwisha kujitokeza katika hadithi fupi tangu 1927.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa mpelelezi asiyeajiriwa. Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla, aliyeingia katika riwaya zetu kwa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), naye si askari. Hata hivyo Bwana Msa ni wa ukoo wa Sherlock Holmes, mtu wa kiko na mantiki. Bi. Marple ni wa ukoo mwingine. Chombo chake cha kazi ni kile ambacho jamii nyingi hukilaani, yaani umbea.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulika. Katika kijiji cha St Mary Mead, Uingereza, Kanali Protheroe, hakimu na mzee wa kanisa asiyependwa na mtu, anakutwa amepigwa risasi katika chumba cha kusomea cha kasisi. Mchoraji Lawrence Redding anajisalimisha kwa polisi. Kisha Anne, mke wa marehemu, naye anakiri. Maungamo yote mawili yanaonekana kuwa ya uongo na wawili hao wanaachwa. Mwishowe inadhihirika kwamba ndio waliotenda.

Kasisi Clement, ambaye ndiye msimulizi, anawasawiri kwa kejeli wanawake wanaokusanyika nyumbani kwake kunywa chai na kuwasengenya watu. Lakini mtiririko wa visa unamsuta mwenye kejeli. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ndivyo inavyokuwa St Mary Mead. Kinyume cha wanawake hao ni Inspekta Slack, mtu wa haraka na sauti kubwa. Kasisi anajaribu kumweleza kwamba saa ya chumbani huwekwa mbele kwa robo saa, naye anamkatiza. Hivyo uchunguzi wa serikali unaanza kwa wakati usio sahihi, si kwa kukosa ushahidi, bali kwa kukosa sikio.

Ni dhahiri basi kwamba mwandishi anautukuza usikivu. Lakini Bi. Marple hatofautiani na wenzake kwa kuchukia umbea. Anaupenda kama wao. Tofauti ni kwamba yeye huupima. Kila anapokabiliwa na tabia ngeni, hutafuta kisa kidogo cha zamani kinachofanana nayo, kama wazee barazani wanavyoikumbuka kesi ya jana ili kuamua ya leo.

Nguvu kuu ya riwaya hii, hata hivyo, iko mahali pengine. Wauaji wanajua kwamba Bi. Marple yumo bustanini mwake, na kwamba hakuna mpita njia asiyemwona. Kwa hiyo Anne anapita mbele yake bila mkoba, amevaa nguo ya kubana isiyoweza kuficha kitu, ili bikizee huyo baadaye ashuhudie kwamba hakubeba bastola. Naye anashuhudia hivyo, na ni kweli: bastola ilikuwa imekwisha fichwa chumbani. Jicho la kijiji limegeuzwa ngao ya wauaji. Ili afikie ukweli, Bi. Marple hana budi kuushuku ushahidi wake mwenyewe. Hapa hadithi inayodhaniwa kuwa ya kupumbaza inatoa funzo zito: kuona sawasawa si sawa na kufahamu.

Upungufu wake unaonekana katika suala la haki. Mapema katika riwaya, kasisi mwenyewe anatamka mezani kwamba atakayemuua Kanali atakuwa ameutendea ulimwengu wema. Baadaye Daktari Haydock anahoji kwamba uhalifu ni ugonjwa na kwamba mhalifu anastahili tiba. Haya ni maswali makubwa. Yanamgusa Hawes, msaidizi wa kasisi, aliyechukua fedha za kanisa na ambaye wauaji wanataka kumtwika kosa lao. Lakini zamu ya wauaji inapofika, mjadala unazimwa. Msimulizi anaipita kesi yao upesi, na utulivu wa kijiji unarudishwa kana kwamba hakuna kilichoulizwa.

Isitoshe, umbea unaopata hadhi ya ushahidi ni hasa ule wa watu wa tabaka moja. Archer, mwindaji haramu aliyefungwa na Protheroe, tunamjua zaidi kwa maneno ya wengine, na shaka inamwangukia kwa wepesi. Mary, mtumishi wa kasisi na mchumba wa Archer, amepewa kazi ya kutuchekesha kwa upishi wake mbaya. Kijiji kinachosifiwa kwa kusikia kina watu kisiowasikia.

Kwa hiyo riwaya hii haistahili kudharauliwa, wala haistahili kuigwa bila uangalifu. Imeonyesha kwamba maneno ya jirani yaweza kuwa njia ya kuufikia ukweli endapo yatapimwa, na kwamba mpimaji naye lazima ajipime. Mwandishi wa Kiswahili atakayeichukua fani hii ana jambo la kuongeza ambalo Christie hakulitimiza: mtumishi anayeleta chai apewe nafasi ya kusema alichokisikia, na maneno yake yapimwe kwa mizani ile ile.