Pindo Linavyoitawala Kanga

Kitenge hukatwa popote na kikabaki kitenge. Kanga ukiikata robo, umeiharibu. Kinacholeta tofauti hiyo ni pindo, ule ukanda wa nakshi unaozunguka pande zote nne. Wavaaji husifu mji, sehemu ya katikati, au jina, yaani maandishi. Lakini mji huishia pindo linapoanzia, na jina hukaa juu ya pindo la chini.

Ugumu wa kulichora uko kwenye hesabu. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Tuseme pindo lina upana wa sentimita 15. Ukitoa pembe, zinabaki 120 kwenye upande mrefu na 80 kwenye upande mfupi. Ua la sentimita 10 litajirudia mara 12 na mara 8, kamili. Ua la sentimita 12 litaenea vizuri kwenye upande mrefu, ila kwenye ule mfupi la mwisho litakatika. Mchoraji akipunguza pindo la juu na la chini hadi sentimita 13, upande mfupi unakuwa 84, na maua saba yanaenea. Sasa pembe si mraba tena, hivyo huenda zikahitaji nakshi yake yenyewe.

Kisha kuna uchapaji. Kila rangi ina skrini yake. Moja ikisogea kidogo, mistari myembamba ya pindo ndiyo huumbua kazi.

Mwilini, pindo hupewa kazi nyingine. Kanga ikifungwa kiunoni, pindo la chini huzunguka miguu na la upande hushuka wima. Ikitandwa kichwani, huzunguka uso. Fundi anayeshona gauni huanza kwa kutenga mapindo: hili la chini ya sketi, lile la mikono, na mji ndio unaobaki kwa kiwiliwili.

Doti huuzwa ikiwa kanga mbili zilizoungana, hukatwa katikati, kisha hupindwa kingo. Upindo ukiwa mpana, humeza nakshi ya upande mmoja na kuiacha kanga imeenda mrama.

Kwa hiyo unaponunua, usiishie kusoma jina. Ifungue doti, tazama pembe zote: maua yakikutana bila kukatika na rangi zikikaa ndani ya mistari yake, hapo kuna mchoraji na mchapaji wanaoijua kazi.