Kuumbwa Si Kuanza Kazi: Kosa la OMG Katika DDS

Katika DDS (Data Distribution Service), kiwango cha OMG (Object Management Group) cha kusambaza data kati ya programu, sera ya ENTITY_FACTORY ina swichi moja tu, autoenable_created_entities, inayoamua kama objekti inawezeshwa papo hapo inapoundwa, na wengi wanaoandika programu kwa DDS hawajawahi kuigusa. OMG ilitoa toleo la kwanza la kiwango hiki mwaka 2004. Lilipotoka la 1.4 mwaka 2015, chaguo-msingi la swichi hiyo lilikuwa TRUE. Walikosea. Ilipasa kuwa FALSE, na anayeunda objekti ndiye aseme lini ianze kazi.

Fuata hatua moja baada ya nyingine. Unaita create_datareader na kuikabidhi msikilizaji. Swichi ikiwa TRUE, kisomaji kinazaliwa kikiwa kazini: kinatangazwa mtandaoni, kinaoanishwa na viandikaji vya upande wa pili, na sampuli zinaanza kuingia. Uzi wa programu ya kati haukungoji umalize mstari unaofuata. Kwa hiyo on_data_available inaweza kuitwa kabla create_datareader haijakurudishia chochote, wakati konstrakta yako iko katikati na kielekezi ulichotenga kwa ajili ya kisomaji bado ni kitupu. Mgeni ameingia, mkeka haujatandikwa. Ukijaribu kwenye kompyuta moja tulivu, huenda usione kitu. Hitilafu inajitokeza pale programu yako inapowashwa upya huku wenzake wakiendelea kutuma, yaani saa ile ile unapouhitaji mfumo usimame imara.

Asidhani anayesubiri data kwa WaitSet badala ya msikilizaji kwamba amepona. HISTORY ya msingi ni KEEP_LAST yenye kina cha 1. Sampuli ikifika wakati ungali unapanga mambo, inayofuata yenye ufunguo uleule huifuta. Zaidi ya hapo, RELIABILITY, DURABILITY na HISTORY hazibadiliki objekti ikishawezeshwa. Ukijaribu, set_qos inakujibu IMMUTABLE_POLICY. Swichi hii inakufungia maamuzi hayo sekunde ileile ya kuunda.

Kwa mshiriki wa kikoa (DomainParticipant) madhara ni makubwa zaidi. Ukitaka kuwakataa washiriki fulani kwa ignore_participant, msikilizaji wako lazima awe tayari kwenye visomaji vya ndani, vile vinavyopokea taarifa za ugunduzi, kabla ugunduzi haujaanza. Mshiriki akizaliwa amewezeshwa, anajitangaza papo hapo, na uliokusudia kuwakataa wanaweza kuwa wameshaunganishwa kabla hujawapima.

Kosa liko kwenye chaguo-msingi tu, kwani kanuni za objekti isiyowezeshwa zenyewe zimeandikwa vizuri: msikilizaji haitwi, operesheni zisizoruhusiwa hurudisha NOT_ENABLED, na objekti haiwezeshwi kabla ya kiwanda chake, yaani objekti iliyoiunda.

Kinachoniudhi ni kwamba OMG hiyohiyo ilikuwa na jibu mkononi. Katika CORBA 2.2 ya mwaka 1998, POAManager huzaliwa katika hali ya kushikilia: maombi yanawekwa foleni mpaka uite activate(). Waliobuni JMS nao walifanya hivyo, kwani Connection huundwa ikiwa imesimama, na ujumbe haupokelewi mpaka start(). Turudi nyuma hadi 4.2BSD ya mwaka 1983: socket, bind, listen. Soketi haikubali muunganisho wowote mpaka useme inasikiliza. Mabingwa wale walijua kwamba kuumba na kuanzisha ni matendo mawili, wakampa mwandishi wa programu yote mawili.

Nimeshasema, na sitachoka kusema, kwamba chaguo-msingi ndilo muundo wenyewe kwa walio wengi, maana hawaligusi. ROS 2 iliijenga nyumba yake juu ya DDS, kisha ikabuni nodi zenye mzunguko wa maisha katika tabaka la juu. Mchapishaji wa nodi isiyo hai tayari anaonekana mtandaoni. Ujumbe wake ndio unaotupwa. Kazi hiyo ya kuchelewesha kuanza, enable() ya DDS ingeifanya kule chini.

Watetezi wanasema TRUE inamrahisishia anayeanza. Inampunguzia mstari mmoja wa msimbo, na badala yake inampa hitilafu inayotegemea bahati ya nyuzi, ambayo hata mzoefu huifuatilia kwa shida. Huo si urahisi.

Kiwango kisipobadilika, badilisha msimbo wako. Kwenye QoS ya Subscriber weka autoenable_created_entities kuwa FALSE. Unda viandikaji na visomaji vyote, hifadhi vielekezi, ambatisha wasikilizaji, kamilisha sera, kisha ita enable() kwa kila kisomaji, mwisho kabisa. Ikiwa unachuja washiriki, weka FALSE kwenye DomainParticipantFactory yenyewe, na mshiriki umwezeshe baada ya msikilizaji wa visomaji vya ndani kuwa mahali pake. Na anayekagua msimbo wa timu asiupitishe mfumo wowote wa uzalishaji ambao haujaitaja swichi hii waziwazi.