Mtindi wa Kwanza wa Java

Amri ya kwanza anayoiandika mtu aliyepakua msimbo wa OpenJDK, Java ya msimbo huria, ni bash configure. Kama kompyuta yake haina Java, kazi inakatika papo hapo: configure inaitafuta, inaikosa, inagoma. Javac, kompaila ya Java, imeandikwa kwa Java, kwa hiyo mjenzi hana budi kuwa na toleo lililotangulia. La 21 hujengwa kwa la 20. Ni kama kugandisha maziwa kwa kijiko cha mtindi wa jana.

Na mtindi wa kwanza utoke wapi?

Swali hilo liliwabana wahandisi wa Red Hat mwaka 2007. Mwezi Mei, Sun Microsystems ilifungua sehemu kubwa ya msimbo wa Java kwa leseni ya GPL, ila asilimia 4 hivi ikabaki imefungwa kwa kuwa haki zake zilikuwa za watu wengine. Humo mlikuwa na vipande vya kuchora herufi, kupanga rangi na kutoa sauti. Fedora, mfumo wao wa Linux unaodai kila programu ijengwe kutoka msimbo huria, haikuweza kuipokea Java ya namna hiyo.

Juni ukazaliwa mradi wa IcedTea. Wahandisi walichukua gcj, kompaila ya Java ya mradi wa GNU, pamoja na GNU Classpath, maktaba ya Java iliyoandikwa upya na watu wa programu huria kwa miaka mingi. Kwa zana hizo wakajenga Java ya kwanza, kisha Java hiyo ikapewa msimbo uleule ijenge ya pili. Hapa ndipo ulipo ustadi wenyewe: ya pili haikuguswa na zana yoyote iliyofungwa, na ya kwanza ilikuwa imekwisha kupimwa kwa kazi nzito ya kuzalisha mwenzake. Mapengo nayo yalizibwa kwa vipande huria. FreeType ikashika herufi, LittleCMS rangi.

Ukabaki mtihani. TCK, seti rasmi inayoamua kama programu ni Java kamili, ilikuwa na majaribio zaidi ya 80,000. Juni 2008 IcedTea ndani ya Fedora 9 iliyapita yote.

Leo mjenzi huandika make images ili kujenga Java, halafu make run-test-tier1 ili kuijaribu, na jtreg huendesha majaribio yaliyomo ndani ya msimbo wenyewe. Yakifaulu, bado TCK haijaguswa: hiyo hutolewa na Oracle, mrithi wa Sun, kwa mkataba maalumu.