Kuhani Aliyetunza Siri ya Mfalme

Jumamosi moja jioni tulikutana marafiki watano nyumbani kwa mwenzetu, Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Watatu tu Walutheri, mmoja Mkatoliki na mmoja Mwislamu. Tunafahamiana tangu ujana. Tulikula ndizi kwa kuku, kisha mwenyeji akatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani, akawasha projekta na kutuwekea filamu ya Black Panther. Wenzangu walikwisha kuiona ilipotoka mwaka 2018. Mimi nilikuwa nimeikwepa. Niliichukulia kuwa ni michezo ya vijana, watu kurukia magari na kupigana, na tena nilisikia ina mambo ya mizimu. Mchungaji atafuta nini huko?

Nimeona nieleze nilichokiona, kwa sababu najua washarika wengi wanaangalia filamu za namna hii na watoto wao, na wengine wamewahi kuniuliza kama ni dhambi.

Hadithi ni ya kubuni kabisa. Wakanda ni nchi ya Afrika isiyowahi kutawaliwa na wakoloni, yenye utajiri wa madini yaliyoanguka kutoka angani, nayo imejificha ili dunia isijue. Mfalme T'Chaka amekufa, na mwanawe T'Challa anarithi kiti. Kabla ya kutawala ananyweshwa maji ya mmea mtakatifu, anafukiwa kwenye mchanga mwekundu, na katika maono anafika kwenye mbuga ambako wafalme waliotangulia wanamngoja, na baba yake anazungumza naye. Baadaye anatokea mtu mwingine kudai kiti. Ni binamu yake, mtoto wa N'Jobu, mdogo wake T'Chaka, aliyezaliwa na kukulia Marekani, katika mji wa Oakland.

Hapo rafiki yetu Mkatoliki, Mluguru wa upande wa Matombo, akatuchekesha. "Hawa wote wawili hawana haki," alisema. "Mmoja mtoto wa marehemu, mwingine mtoto wa mdogo wake. Mbona hawamtafuti mtoto wa dada yake?" Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na kiti cha mjomba hurithiwa na mpwa. Tulicheka sana, lakini neno lile lilinikaa. Kila ukoo una namna yake ya kuhesabu watu wake, na karibu kila hesabu ina mtu anayebaki nje ya mlango.

Mtu huyo ndiye moyo wa filamu hii. Mwaka 1992 N'Jobu alikuwa ameisaliti nchi yake kwa kusaidia madini yaibwe. Alitaka kuwapa silaha watu weusi wanaoonewa. T'Chaka alipokuja kumkabili, N'Jobu alimwelekezea bastola mtumishi wa mfalme aliyekuwa akimpeleleza, na T'Chaka akamwua ndugu yake ili kumwokoa mtumishi huyo. Kisha akaondoka, akamwacha mtoto wa ndugu yake huko huko. Kumchukua kungelazimu kueleza baba yake amekufaje.

Mtumishi huyo anaitwa Zuri. Ameigizwa na Forest Whitaker, ambaye wengi wetu tunamkumbuka akiwa Idi Amin katika filamu ya mwaka 2006. Katika uzee wake Zuri ndiye kuhani. Ndiye anayetunza bustani ya mmea mtakatifu na kumsimika mfalme mpya. Miaka yote hiyo aliijua siri na alinyamaza, kwa sababu mfalme alimwagiza anyamaze.

Niseme kwanza kuhusu mizimu. Kwetu si jambo la sinema tu. Upande wa mashariki wa milima hii lipo pango la Kolelo, ambako wazee wa Kiluguru walikwenda kuomba mvua, na hata leo zipo familia za Kikristo zinazoitwa kwenye tambiko zisijue zijibu nini. Imani yetu ya Kilutheri haikuwapuuza waliotutangulia. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 21, linafundisha kwamba watakatifu wakumbukwe ili tuige imani yao, ila tusiwaombe, kwa kuwa mpatanishi ni mmoja tu, Kristo. Kwa hiyo mmea ule na mchanga ule siwezi kuvipokea kama njia. Lakini kama picha, vimesema jambo la kweli. T'Challa anapofikishwa huko mara ya pili, haombi baraka. Anamwuliza baba yake kwa nini alimwacha yule mtoto, kisha anawaambia wazee wote waliosimama pale kwamba walikosea. Mara nyingi tunapowakumbuka wazee wetu tunawasifu tu. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliwakataza watu kujificha nyuma ya dhambi za baba zao; mwana anayeyaona makosa ya baba yake na kugeuka, huyo ataishi. Kwa jambo hili filamu hii imekwenda mbali kuliko mahubiri mengi ya mazishi, yakiwamo yangu.

Binamu naye anakunywa mmea ule. Lakini hafiki mbugani. Anajikuta katika chumba kile cha Oakland, na baba yake yuko peke yake. Aliyetengwa na ukoo, hata wafu wake wametengwa. Sijaona picha nyingine iliyonionyesha hivyo maana ya kumfuta mtu katika familia.

Nina lawama moja kubwa. T'Challa anamwambia baba yake marehemu kwamba alikosea, lakini yule aliyekosewa yuko hai, na sikumsikia akimwambia, "Tumekukosea, utusamehe." Anampiga kisu, anampeleka kuona machweo ya jua, anataka atibiwe. Binamu anakataa, anakufa, na ndipo Wakanda inajenga kituo cha msaada Oakland. Ni rahisi kumjengea jengo mtu aliyekwisha kufa. Toba ya Kikristo huanza kwa kumwendea aliye hai, tena kwa mdomo.

Filamu ilipokwisha tulikaa kimya. T'Challa wetu, Chadwick Boseman, alikufa kwa saratani mwaka 2020 akiwa na miaka 43. Tulikuwa tumemwangalia marehemu akizungumza na marehemu. Nilidhani ndicho kilichotunyamazisha. Kisha rafiki yetu mmoja, aliyeniruhusu kuandika haya bila jina lake, akasema, "Mchungaji, unakumbuka msiba wa mzee?"

Nilikumbuka. Niliendesha mimi ibada ile. Wasifu wa marehemu ulisomwa, na watoto sita wakatajwa. Wa saba, aliyezaliwa nje ya ndoa, alikuwa amesimama nyuma ya turubai na mfuko wake wa safari. Familia iliniomba nisilizungumze, nami nikaona ni busara. Nilisema ni kulinda heshima ya mama mjane. Wakati wa kuweka mashada aliitwa kila mtu, hata majirani na wafanyakazi wenzake marehemu. Yeye hakuitwa. Aliondoka kabla ya chakula.

Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo. Nimeifundisha kwa watoto wa kipaimara miaka mingi, na sikuwahi kuwaambia kwamba wasifu unaweza kuwa ushahidi wa uongo bila kuwa na neno moja la uongo ndani yake. Jioni ile sikuwa T'Challa wala binamu yake. Nilikuwa Zuri, mtunza bustani.

Rafiki yangu alikuwa na namba ya simu ya ndugu yake huyo, aliyoipata kwa mtu mwingine. Wiki iliyofuata tulimpigia pamoja. Rafiki yangu alisema ya kwake, nami nikasema ya kwangu, kwamba nilijua na nilinyamaza, na kwamba naomba anisamehe. Alisikiliza. Alisema atafikiri. Bado hajatujibu, na hatuna haki ya kumharakisha.

Tangu hapo, kabla ya ibada ya mazishi huwa naketi na familia na kuuliza swali moja: je, watoto wote wametajwa?