Ufundi wa Alwin Mittasch

Mhitimu wa uzamivu akiondoka maabara siku hizi, huacha tasnifu kabatini na makala mawili matatu majaridani. Majaribio yaliyomshinda huondoka nayo. Anayerithi meza yake hupoteza miezi kupika mchanganyiko ambao mwenzake alikwisha kuuona haufai. Kila nikiliona hilo humkumbuka Alwin Mittasch, mtu ambaye wakulima wetu hawamjui, ingawa kila msimu urea wanayotia mashambani hutokana na kazi yake.

Mittasch alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuhitimu uzamivu Leipzig, kwa mwanakemia Wilhelm Ostwald. Huko vijana walijifunza kwamba kichocheo huharakisha mmenyuko bila kuonekana katika zao lake la mwisho, na tena walijifunza kuvumilia kusahihishwa. Mwaka 1900 Ostwald mwenyewe aliamini ametengeneza amonia, ambayo ndiyo chanzo cha urea, kwa kutumia chuma cha moto. Kijana Carl Bosch wa kampuni ya BASF akapima, akaonyesha kuwa naitrojeni ya amonia hiyo ilikuwemo ndani ya chuma tangu mwanzo. Mzee akaliondoa ombi lake la hataza. Miaka minne baadaye Mittasch aliingia BASF, akafanya kazi chini ya Bosch huyohuyo.

Mwaka 1909 mwanakemia Fritz Haber alipata amonia kwa kichocheo cha osmiamu, metali adimu mno. Mittasch akatafuta cha rahisi. Chuma safi kilimwangusha, lakini magnetiti kutoka Gällivare, Sweden, ikafanya kazi vizuri ajabu. Mwingine angeishia hapo kwa furaha. Yeye alitaka kujua kwa nini, akashuku uchafu uliomo ndani ya jiwe. Basi akaanza kutia kitu kimoja kimoja katika chuma, alumina kidogo, potashi kidogo, huku vitanuri vidogo vikiwaka usiku na mchana, na kila kilichoshindikana kikiandikwa kwa uangalifu uleule wa kilichofaulu. Zaidi ya michanganyiko 2,500 ilipimwa, katika majaribio yapatayo 6,500. Kiwanda cha amonia cha BASF huko Oppau kikaanza kazi mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vikazuka, na amonia ile ikageuzwa baruti. Hilo nalo halifichiki. Hadi leo viwanda vingi vinatumia chuma cha aina hiyohiyo, na Gerhard Ertl, aliyeeleza hatua kwa hatua kinachotokea juu ya uso wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Mkono ulitangulia maelezo kwa miongo kadhaa.

Siilaumu mashine ya leo inayopima mamia ya sampuli kwa siku. Kinachoniuma ni kwamba jaribio lililoshindwa mara nyingi halina jarida la kulipokea wala mzee wa kuliulizia. Waliosoma Leipzig waliuchukua ufundi wakaenda nao: Arthur Noyes akafungua maabara ya kemia fizikia MIT mwaka 1903, Frederick Donnan akafundisha London, Kikunae Ikeda akarudi Tokyo. Vyama vyetu vya wahitimu vimebaki na chakula cha jioni, picha na michango.

Enyi wahitimu, mkikutana mwaka huu leteni madaftari yenu ya maabara, kurasa za kushindwa zikiwemo, mkawape wanafunzi walioshika meza zenu. Nanyi wasimamizi, yadaini madaftari hayo kabla ya kutia sahihi kwenye tasnifu.