Mchongo wa Zumaridi: Almasi Isiyoficha Doa

Katika filamu ya High Society ya mwaka 1956, Grace Kelly alivaa pete yake halisi ya uchumba kutoka kwa Rainier III, mtawala wa Monaco: almasi ya Cartier ya karati 10.48, iliyochongwa kwa mtindo wa zumaridi. Wengi huitaja kwa ukubwa wake. Lakini anayechagua pete ya namna hii aulizie karati mwisho. Aanze na usafi wa jiwe, na sababu imo ndani ya mchongo wenyewe.

Almasi ya mviringo huwa na nyuso ndogo 57 au 58, nazo huutawanya mwanga hata doa dogo likapotelea katikati ya vimulimuli. Mchongo wa zumaridi hufanya kinyume. Nyuso zake ni ndefu na nyembamba, zimepangwa sambamba kama ngazi, na juu kuna uso mpana ulio kama dirisha. Mwanga hurudi kwa mistari mipana, myeupe na myeusi, inayopokezana jiwe linapogeuzwa. Doa likikaa chini ya dirisha hilo, jicho hulifikia bila kizuizi. Likiwa karibu na ngazi, nyuso huliakisi, doa moja likaonekana kama mengi. Umanjano nao hujitokeza zaidi.

Je, cheti cha ubora wa jiwe hakitoshi? Husaidia, ila kina mipaka. Taasisi ya GIA ya Marekani hutoa daraja la mchongo kwa almasi za mviringo, si kwa zenye mchongo wa zumaridi. Tena mawe mawili ya daraja moja la usafi, tuseme VS2, huweza kutofautiana sana: moja lina doa pembeni, kucha za pete zikalifunika, jingine linalo katikati kabisa. Kwa hiyo anzia VS1, daraja safi zaidi, kwenda juu, kisha litazame jiwe lenyewe kwa mwanga wa kawaida, ukiligeuza taratibu. Ngazi ziwe sambamba, na katikati pasiwe na uwazi unaoonyesha kidole kilicho chini.

Wapo watakaosema usafi huo ni ghali kwa jiwe lisilometa kama la mviringo. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kwa karati zile zile, almasi yenye mchongo wa zumaridi mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu kuliko ya mviringo, kwani kuichonga hupoteza sehemu ndogo zaidi ya jiwe ghafi. Nafuu hiyo ndiyo inunue usafi. Anayeitumia kuongeza karati hupanua tu dirisha, na doa likiwemo, atalitazama kila siku.