Orodha ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na sita, alinijia baada ya swala ya Alasiri na karatasi mkononi. Alikuwa ameandika vitu avipendavyo siku hizi katika nyimbo na tamthilia za televisheni, akataka nimwambie kipi kinafaa na kipi hakifai, kwani mamake ameapa kukiondoa king'amuzi nyumbani. Vitu vyenyewe vilikuwa vitatu: nashidi za Maher Zain, tamthilia ya Kituruki iitwayo Ertuğrul, na nyingine ya Kituruki ambayo kwetu yajulikana kwa jina la Sultan. Vile viwili vya mwanzo alivipigia mstari, akaandika pembeni: "vya Kiislamu". Cha tatu alikiwekea alama ya kuuliza.

Nakiri kwamba lau ningemjibu pale pale ningepita njia ile ile ya kalamu yake: viwili ruhusa, cha tatu marufuku, kisha nikaendelea na tasbihi yangu. Lakini si uadilifu mtu kuhukumu asichokijua. Nikamwomba muda, na kwa wiki kadhaa mzee mzima nimekaa mbele ya kioo, nikiinamisha macho palipotaka kuinamishwa.

Juu ya nashidi sitasema mengi. Maher Zain alizaliwa Tripoli ya Lebanon mwaka 1981 akakulia Sweden, na sahani yake ya kwanza, Thank You Allah, ilitoka mwaka 2009. Sauti yake ni nzuri na maneno yake ni safi. Khitilafu ya wanazuoni juu ya ala za muziki ni ya kale. Imamu Ghazali aliitengea mlango mzima katika Ihya, na sisi Mashafii twajua wengi wa maimamu wetu wamesimama wapi katika ala za nyuzi. Nashidi zake nyingine zimetolewa pia kwa sauti na ngoma tupu, na hizo ndizo nilizomwambia mjukuu wangu asikilize. Kilichoniuma ni kingine. Binti huyu aliniimbia Ya Nabi Salam Alayka kwa mahadhi ya Maher Zain, nami nikamuuliza kama ajua kuwa hayo ndiyo tunayoyasoma sisi katika kiyamu cha maulidi. Alishangaa. Alidhani sisi ndio tuliomwiga yule kijana. Kosa hilo si la mwimbaji.

Sasa nije kwa Ertuğrul, maana hapo ndipo penye neno. Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa Uturuki mwaka 2014 ikamalizika 2019. Ina sehemu 150, na kila sehemu yapata saa mbili. Mwenye kuimaliza ametoa saa 300 za umri wake. Ukisoma juzuu moja kwa saa moja, ni muda wa kukhitimu msahafu mara kumi. Wakati wa janga la Korona, mwaka 2020, ilionyeshwa Pakistan kwa Kiurdu kuanzia Ramadhani, na waziri mkuu wa wakati huo, Imran Khan, akawahimiza watu kuitazama. Wala sishangai. Ni kazi ya mafundi. Wanawake wamejisitiri, watu wanaswali, wazee wanaheshimiwa, na upanga hautolewi alani ila kwanza litajwe jina la Mwenyezi Mungu. Usiku mmoja nilijikuta nimekaa kitako ukingoni mwa kiti, nikisubiri kijana atoke gerezani mwa Wafaranja, na adhana ya Isha imeshatoka msikitini nisiisikie. Niliyaona mwenyewe hayo, kwa hiyo simlaumu mtoto.

Lakini Ertuğrul ni nani? Tujualo kwa yakini ni dogo mno. Kuna sarafu ya mwanawe, Uthman, yenye jina la baba yake. Kuna kaburi linalonasibishwa naye katika mji wa Söğüt. Waandishi wa Kiothmani waliosimulia habari zake waliandika zaidi ya miaka mia baada ya kufa kwake, wakati jamaa zake wameshakuwa wafalme wenye haja ya babu mtukufu. Basi hizo saa 300 zimetoka wapi? Zimetungwa. Hila, mapenzi, vita, na mazungumzo yale marefu na Ibn Arabi, vyote vimetungwa. Ibn Arabi alikuwako kweli, alizaliwa Murcia, akaishi katika nchi za Rum, akafa Damascus mwaka 1240. Ila kwamba alikuwa akimwibukia Ertuğrul kila apatwapo na shida, hilo halina sanadi. (Na wale wanaomkataa Ibn Arabi mimbarini mwetu nimewaona wakimlilia katika kioo.)

Kutunga hadithi si dhambi. Hata wazee wetu walisimulia habari za Antar na za Abunuwasi, na hakuna aliyezichukua kuwa sira. Hii ya leo imevishwa kilemba, ikatiwa adhana na dua, na mtazamaji akaivulia viatu kama anayeingia msikitini. Mwaka huu katika madrasa yangu niliuliza katika mtihani wa tarekh: taja mashujaa watatu wa Kiislamu na mambo waliyoyafanya. Wanafunzi saba walimwandika Ertuğrul, na mmoja wao akaeleza kwa urefu jinsi alivyoiteka ngome, kwa maneno yaliyotoka moja kwa moja katika tamthilia. Hapana aliyemtaja Sheikh Al-Amin bin Aly Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa hapa Mombasa mwaka 1932. Nilikaa na karatasi zile usiku kucha. Nitampaje alama mtoto aliyejibu kwa moyo wote jambo ambalo halikutokea?

Sultan, ile yenye alama ya kuuliza, jina lake la asili ni Muhteşem Yüzyıl, nayo ilitengenezwa baina ya 2011 na 2014. Hiyo yahusu jumba la Sultani Suleiman, aliyetawala toka 1520 hadi 1566. Mavazi yake hayatazamiki pamoja na watoto, na nusu ya mambo ni fitina za harimu. Erdoğan mwenyewe, akiwa waziri mkuu mwaka 2012, alilalamika kuwa Suleiman alikaa miaka 30 juu ya farasi wala si katika jumba lile. Alikuwa na haki: mtu huyu alifia vitani, mbele ya ngome ya Szigetvár huko Hungaria. Kwa hiyo nimemwambia mjukuu wangu aiache, na mamake amefurahi.

Lakini lazima niseme na lililo gumu kwangu. Mle ndani mna kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1553 Suleiman alimwita mwanawe Mustafa hemani kwake, na kijana akanyongwa kwa amri ya baba yake. Tamthilia haikumfichia aibu mfalme. Katika Ertuğrul hakuna kosa kama hilo; shujaa hakosei, na kila ampingaye ni msaliti. Nikajiona nimo katika hali ya ajabu: ile isiyo na haya imesema kweli juu ya hatari ya ufalme, na ile yenye haya imemfundisha mtoto kwamba mwenye upanga na bismillah ana haki daima.

Ujanani niliitazama Ar-Risala ya Moustapha Akkad kwa mkanda wa video, katika ukumbi uliojaa watu. Ilitoka mwaka 1976, naye aliipiga mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na waigizaji mbalimbali. Mtume (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki, watu wanazungumza na kioo, nasi twajua ni nani wanayemwelekea. Wanazuoni walikuwa na maneno juu yake hata hivyo. Lakini mtengenezaji yule alijua pahala pa kunyamaza, na watu wa Ertuğrul hawajui.

Nilipomrudishia binti karatasi yake alisoma niliyoyaandika, akaniuliza: "Babu, kama hawa Waturuki si wa kweli, wa kweli walifika kwetu?" Nikamwambia walifika. Katika zama za Murad wa Tatu, mjukuu wa Suleiman, Mir Ali Bey alikuja pwani hii na merikebu zake, na mwaka 1589 Wareno wakamkamata papa hapa Mombasa, wakampeleka Lisbon. Msikiti wa Mandhry, ambao yeye hupita mbele yake kila asubuhi akienda skuli, wasemekana ulikuwa umeshajengwa kwa miaka kama ishirini.

Ertuğrul nimemwachia, siku ya Alkhamisi peke yake, baada ya Isha, nami nikiwa ubavuni. Amekubali kwa sharti moja: nisisimamishe picha kila mara kusema "hili halina sanadi".